Duara la Kocha Stamper

Oktoba 15, 1977

Mazoezi yameanza leo. Mke wangu Oleta anasema niandike mambo ya mpira wa kikapu jioni ili nisiyaseme usingizini. Yeye ni muuguzi, anaamka alfajiri, na amechoka kusikia majina ya wavulana kitandani mwake.

Huu ni mwaka wangu wa saba wa kuwa msaidizi wa Verlin Stamper, na ni mwaka wake wa mwisho wa kuwa kocha mkuu. Amemwambia mkuu wa chuo, nami nikiwepo, kwamba kiti chake ataniachia mimi. Katika chuo kidogo kama chetu, kocha msaidizi anawafunga wavulana bendeji miguuni, anafua jezi, anaendesha basi, anakwenda kuwapeleleza wapinzani, na anasema "sawa, Verlin." Hilo la mwisho ndilo linalochosha.

Tulianza na duara, kama kila mwaka. Wawili wanaingia kwenye duara la katikati ya uwanja, mpira unarushwa juu, na atakayetoka nao nje ndiye mshindi. Hakuna kosa humo ndani. Filimbi iko mdomoni mwangu, lakini siipulizi mpaka Verlin aniashirie kwa kichwa. Dallas Fugate, mchezaji wetu wa kati, alimng'oa jino mvulana wa mwaka wa kwanza. Verlin aliliokota, akamrudishia mwenyewe, akasema, "Litunze. Siku ukioa mwonyeshe mkeo." Tukacheka wote, hata mwenye jino.

Oktoba 29

Duara. Mvua. Paa la ukumbi linavuja palepale linapovuja siku zote.

Novemba 12

Tunao wavulana wawili mwaka huu ambao hatujawahi kuwa na mfano wao. Dallas ni mrefu kama mlango wa kanisa, mwana wa Arlis Fugate, mchimbaji wa makaa wa bonde la juu. Curt Tackett ni mwembamba, mpira ukiwa mkononi mwake hauonekani. Baba yake, Woodrow, ana malori yanayosomba makaa kutoka machimboni hadi kwenye reli. Curt anatoa pasi bila kuangalia, na Dallas tayari yuko pale. Wanalala chumba kimoja bwenini na wanagombana kuhusu redio.

"Hao wawili wakibaki wazima," Verlin aliniambia, "nitaondoka hapa na kombe." Amefundisha miaka ishirini na hana hata moja.

Desemba 6

Wachimbaji wamegoma. Wamewasha moto kwenye mapipa kila njia panda. Wavulana watatu wa timu baba zao wako kwenye mgomo. Wa Dallas ni mmoja wao.

Desemba 9

Woodrow Tackett hakugoma. Kuna machimbo madogo upande wa pili wa mto yasiyo na chama cha wafanyakazi, na malori yake yanabeba makaa ya huko kama kawaida. Usiku wa kuamkia leo kuna mtu kavunja vioo vyote vya gari la Curt. Curt amehamia chumba kingine.

Nilimwita Dallas. "Ni wewe?"

"Siyo mimi, Kocha."

"Unamjua ni nani?"

"Simjui. Nikimjua nitampa mkono wa pongezi."

Desemba 12

Verlin kawapanga pamoja kwenye duara, Dallas na Curt. Nilimwuliza kama ni busara.

"Wana hasira, Hobie. Watazimwaga mahali fulani. Bora wazimwage hapa chini ya paa, kuliko kule barabarani kwenye bunduki."

Nilikubali. Naandika kwamba nilikubali kwa moyo wote, nikaona huyu mzee anawajua watu kuliko mchungaji. Dallas aliingia na kiwiko, Curt akapasuka juu ya jicho. Curt akampiga Dallas goti la tumboni, Dallas akatapika kando ya mstari, akarudi. Verlin aliniashiria kwa kichwa mwishoni kabisa, nikapuliza. Oleta alimshona Curt nyusi pale jikoni kwetu. Alipomaliza alinitazama mimi kama ndiye mwenye kidonda.

Desemba 13

Tumeshinda kwa tofauti ya pointi thelathini na moja. Wale wengine walikuwa wanawaogopa wavulana wetu kabla mpira haujarushwa. Sikatai kwamba nilifurahi.

Desemba 17

Duara. Mbavu za Curt. Tumeshinda.

Desemba 20

Duara. Sikio la Dallas. Tumeshinda.

Januari 7

Theluji hadi magotini. Lori moja la Woodrow limepigwa risasi kwenye daraja. Dereva alikatwa na vioo usoni. Jana yake watu wasiojulikana walichoma banda la mgomaji mmoja, na nyumbu wake wa mizigo akiwa ndani. Watu sasa wanakwenda dukani na bunduki kama wanakwenda kuwinda kulungu. Mchungaji amehubiri amani na hakuna aliyemwitikia.

Timu haijafungwa. Ukumbi unajaa, wagomaji wanakaa upande huu na watu wa malori upande ule, na wote wanashangilia timu ileile. Nilidhani hilo ni jambo zuri. Leo niliwatazama vizuri zaidi. Dallas akimwangusha mtu, upande mmoja unasimama. Curt akimwangusha mtu, unasimama upande mwingine.

Januari 19

Leo asubuhi Woodrow Tackett mwenyewe alikuwa anaendesha lori la mbele. Madereva wake wamekuwa waoga. Kwenye njia panda ya mto wagomaji walikuwa wamesimama barabarani, Arlis Fugate akiwa katikati, mikono mfukoni. Wanaomtetea Woodrow wanasema barabara ilikuwa barafu tupu na breki hazikushika. Wanaomtetea Arlis wanasema walisikia injini ikiongezwa moto. Mimi sikuwepo. Oleta ndiye aliyekuwepo walipomfikisha Arlis hospitali nyuma ya gari la makaa, amefunikwa blanketi la farasi. Mguu wa kulia ulikuwa umebaki kwenye ngozi tu. Wameukata juu ya goti.

Oleta alirudi akakaa kitini bila kuvua koti. "Alikuwa anamwomba daktari asimwambie Dallas mpaka mechi ijayo ipite," akasema.

Lakini Dallas alishaambiwa na bonde zima.

Januari 20

Sikutegemea Dallas aje mazoezini. Alikuja. Wala sikutegemea Curt aje. Naye alikuja.

Verlin akasema, "Duara. Fugate na Tackett."

Nilimvuta pembeni. "Leo hapana, Verlin."

"Leo hasa."

"Atamwua."

"Hamwui. Nimewafundisha wavulana tangu hujaota ndevu. Akimkosa humu ndani atamtafuta kule nje, na kule nje hakuna mimi wala wewe." Akaniwekea mkono begani. "Tia filimbi mdomoni, Hobie."

Nikatia.

Mpira uliporushwa hakuna aliyeutazama. Ulidunda, ukaviringika hadi kwenye viti. Dallas alimpiga Curt ngumi ya kwanza kifuani, na Curt akaanguka akainuka. Ya pili ilimpata mdomoni. Ndipo nikaona kwamba Curt ameishusha mikono yake. Alikuwa amesimama na viganja wazi mapajani, kama mtu anayepimwa nguo na fundi, na kila alipoanguka aliinuka na kusimama vilevile. Damu ilikuwa inamtoka puani na kuingia mdomoni na alikuwa anaimeza. Kilichosikika ni viatu tu, na ule mlio wa ngumi ikikuta nyama, na Dallas anayelia. Analia kwa sauti, mtu mzima yule, huku anapiga.

Nikamtazama Verlin. Alikuwa amekunja mikono. Hakuwa na hasira wala huruma. Alikuwa anatazama kama mwenye shamba anavyotazama mvua, kuona kama inatosha.

Nikapuliza bila kuambiwa. Dallas hakusikia. Nikaingia ndani ya duara nikamkumbatia kwa nyuma. Alinitupa kama koti, kidole changu kikavunjika sakafuni. Nikamrudia. Safari hii wavulana wanne walikuja nami, tukamlaza chini na kumkalia mpaka akatulia.

"Nani kakuambia upulize?" Verlin akaniuliza.

Nikaenda kumtafutia Curt barafu.

Januari 21

Curt karudi mazoezini, uso wake umevimba kama unga uliotiwa chachu. Nilimwambia apumzike nyumbani wiki moja.

"Nyumbani ni pabaya zaidi, Kocha," akasema. "Baba anakaa mezani anasema, 'Alinikatiza. Alinikatiza mwenyewe.' Anasema hivyo mpaka chakula kinapoa. Mama ameacha kupakua."

"Jana kwa nini hukujikinga?"

"Nilidhani itamsaidia."

Januari 28

Verlin sasa anashika filimbi mwenyewe.

Februari 3

Aliita tena duara, Fugate na Tackett. Curt akaingia. Dallas akabaki nje ya mstari, amekunja mikono.

"Ingia," Verlin akasema.

"Siingii."

"Unamwogopa?"

"Nilimpiga siku ile mpaka mikono ikachoka, Kocha. Nikaenda hospitali jioni, nikamkuta baba alivyo. Sikusikia nafuu yoyote. Mpigeni nyinyi."

Verlin akamkimbiza ngazi za ukumbi, juu chini, mpaka Dallas akatapika na kukaa. Akamwamrisha tena. Dallas akatikisa kichwa kukataa. Ni mara ya kwanza kumwona mtu akimshinda Verlin Stamper, na alimshinda akiwa amekaa chini.

Februari 11

Tumeshinda. Hawasemeshani, hata neno. Ila Curt akirusha pasi bila kuangalia, Dallas yuko pale.

Februari 18

Tumeshinda. Mtu kamtemea Curt mate akiingia ukumbini. Mwanamke mtu mzima, namjua, huuza mayai.

Februari 25

Tumeshinda ligi ya bonde. Fainali ni Machi 4, ng'ambo ya mlima, saa nane mchana. Verlin kanunua tai mpya. Mgomo unaendelea, watu wanakula maharage ya msaada na kuuza bunduki zao za zamani ili wanunue risasi za zile mpya.

Machi 10

Naandika nikiwa nimekaa wima kitandani kwa sababu mbavu haziniruhusu kulala. Nitaandika polepole.

Jumamosi ile ya fainali tuliondoka asubuhi, mimi kwenye usukani. Theluji ilikuwa imesukumwa kando ya barabara. Chini ya mlima, kwenye kona ya machimbo ya zamani, tulikuta magogo barabarani, pipa linawaka, na wanaume kama kumi na tano. Nikasimamisha basi. Kila mmoja mle ndani alijua wamemfuata nani.

Aliyegonga mlango alikuwa Denzil Fugate, baba mdogo wa Dallas. Nikamfungulia. Akapanda ngazi mbili, mkononi ana mpini wa shoka, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Kocha. Tunamtaka huyo kijana wa Woodrow. Nyinyi wengine nendeni mkacheze. Tunawaombea mshinde."

Verlin alikuwa kiti cha mbele. "Mtamfanya nini?" akauliza.

"Tutaongea naye tu."

"Ongeeni haraka basi. Mechi ni saa nane."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Verlin," nikasema.

"Watamzaba makofi mawili matatu, Hobie. Atavumilia. Ameshapigwa kuliko hapo."

Ni kweli. Ameshapigwa kuliko hapo, na mimi nimesimama kando na filimbi mdomoni. Nilimtazama yule mzee na tai yake mpya, nikaona kwamba sikuwahi kumwelewa hata siku moja. Nilidhani duara lilikuwa dawa aliyoitoa kwa ajili yao. Kumbe alikuwa anawanoa tu. Na mtu hawezi kukionea kisu huruma.

Nikainuka, nikamsukuma Denzil kifuani, tukaanguka wote wawili nje kwenye theluji, nami nikauvuta mlango ukafungika nyuma yangu. Sikuwa na mpango mwingine. Nilipiga wa kwanza aliyenifikia, nikahisi pua yake ikivunjika, kisha mipini ikaanza. Ya mgongoni haiumi mara moja. Ya mbavuni unaisikia kwenye meno. Nililala nimejikunja nikitazama viatu vyao. Viatu vya machimboni, vyenye chuma mbele. Kimoja kikanijia mdomoni.

Ndipo mlango ukafunguka tena, na Dallas akashuka akasimama mlangoni.

"Ondoka hapo, Dallas," Denzil akasema. "Baba yako amelala hana mguu."

"Najua anavyolala. Mimi ndiye ninayemgeuza."

"Basi sogea."

"Baba mdogo, huyu mtoto nimempiga tangu Desemba. Mguu haujarudi."

Nadhani wengine walisita hapo. Denzil hakusita. Alijaribu kupita, na Dallas akampiga kiwiko kimoja cha taya, kile tulichomfundisha sisi, miguu ikiwa imara na kiuno kikizunguka. Taya ilivunjika kwa mlio wa tawi kavu. Denzil akaanguka pale aliposimama. Kisha wote wakamwangukia Dallas. Aliwatupa mmoja mmoja mpaka akateleza, akashika pua ya basi ili asianguke, na hapo mtu akaushusha mpini juu ya mkono wake wa kulia uliokuwa umelala juu ya chuma. Akaushusha mara ya pili.

Curt alikuwa ametoka kwa mlango wa dharura wa nyuma. Angeweza kukimbia, msitu ulikuwa hatua chache. Alizunguka basi akaja mbele na mikono mitupu, anasema, "Mimi hapa. Mwacheni, mimi hapa." Mtu aligeuka na mpini bila kutazama, na ncha yake ikaingia jicho la kushoto la Curt.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye theluji taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae, akaweka kiganja pale, na damu ikapita katikati ya vidole. Kila mtu akaacha. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akasema, "Ee Yesu, huyu ni mtoto," kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa umri wake. Yule mwenye mpini aliutupa motoni.

Wakayaondoa magogo wenyewe. Walimbeba Denzil hadi kwenye gari lao. Sisi tulimbeba Curt. Dallas alipanda kwa miguu yake, mkono umening'inia kama glavu, akakaa karibu na Curt. Mtu aliniinua nikashika usukani.

"Njia iko wazi," Verlin akasema. "Tumebaki na wanane. Kule nako kuna hospitali, Hobie. Twende mbele."

Kule ni mwendo wa saa mbili juu ya barafu. Nikaanza kugeuza basi. Verlin akainuka, akaushika usukani. Nikampiga kiwiko cha mdomo. Alirudi kitini mwake akakaa, na leso yake ikawa nyekundu, nami nikaendesha mpaka tukafika hospitali kwa Oleta.

Machi 14

Wamelitoa jicho la Curt. Mkono wa Dallas umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Wamewalaza wadi moja, vitanda vya jirani. Oleta anasema Dallas hulala ameugeuzia uso ukuta, na muuguzi akichelewa, huinuka akamjazia Curt maji ya kunywa, akarudi kuugeukia ukuta.

Machi 21

Nimefukuzwa. Nilimpiga kocha mkuu mbele ya wachezaji, na nilikiri kabla hawajauliza. Niliwaeleza pia kuhusu duara, tangu mwanzo, pamoja na filimbi yangu. Mkuu wa chuo alinisikiliza akichezea miwani. "Kila timu ina mazoezi magumu, Bwana Ison," akasema. Verlin alikuwa amekaa dirishani. Ameweka meno mapya ya mbele.

Machi 28

Mgomo umekwisha. Wamerudi machimboni kwa masharti ambayo hakuna anayeyasifu. Woodrow ameuza malori na anajiandaa kuhama na familia yake.

Aprili 1

Nimekutana na Verlin dukani. "Tungeshinda," akaniambia.

"Ndiyo," nikamjibu. "Tungeshinda."

Aprili 9

Nimepata kazi ya usaidizi tena, chuo cha mbali, upande wa magharibi ambako hakuna mlima. Tunahama wiki ijayo. Leo nilipanda bonde la juu kumuaga Arlis Fugate.

Alikuwa kitini barazani, magongo yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kubanwa na pini. Alinikaribisha nikakaa.

"Uliwahi kuja hapa mara tatu kumtaka mwanangu kwa timu yenu," akasema. "Mara mbili nilikufukuza. Ya tatu nikakupa. Unajua kwa nini nilikupa?"

"Ulitaka asome."

"Nilitaka asiwe kama sisi. Baba yangu alipiga watu. Mimi nimepiga watu. Denzil hana anachokijua zaidi ya hicho. Nikasema huyu mmoja, mrefu hivi, aende chuo, acheze na mpira, alipwe kwa kuruka." Hakupandisha sauti. "Umenirudishia Fugate yuleyule, Kocha. Ila huyu amefundishwa."

Mkewe akatutolea maharage na mkate wa mahindi, na Arlis akanisogezea sahani iliyojaa zaidi, kwa sababu mimi ni mgeni.

Jioni Dallas alirudi kutoka machimboni, mweusi kuanzia kofia hadi buti, meno tu ndiyo meupe. Ameacha chuo, na wamempa kazi ya juu ya ardhi kwa sababu ya mkono. Alinawa, akaketi ngazini, akaanza kula kwa mkono wa kushoto.

"Curt anaona?" akauliza bila kuinua uso.

"Jicho moja."

"Anarusha?"

"Jana nilimwona uani kwao. Anarusha. Ya upande wa kushoto anakosa karibu yote."

Akatafuna. "Anageuza mwili mzima, au siyo? Ndiyo maana. Ageuze shingo tu, mabega yabaki yanatazama kikapu."

"Mwambie mwenyewe. Hawajahama bado. Nitakupeleka sasa hivi kwa gari."

Arlis aliacha kula akamtazama mwanawe. Dallas alipangusa sahani na kipande cha mwisho cha mkate, akakila, akakaa akiitazama ile barabara inayoshuka mtoni.

"Bado," akasema.